Msusi Hachomoi Waya

Ushauri aliopewa Msusi ulikuwa mmoja tu, na alipewa na kila mwenye mdomo: "Si uchomoe tu waya?"

Naanza nao kwa sababu najua kuna mtu atauandika kwenye maoni hapo chini kabla hajafika nusu ya habari. Andika, ndugu yangu, maoni ni bure. Ila soma kwanza kwa nini mwanamke mwenye akili zake, anayejua kabisa kwamba waya ndio unaoimaliza betri, alikataa kuuchomoa. Alimkatalia baba mkwe, akamkatalia shemeji, na ukumbi mzima ulikuwa unatazama.

Mchana anasuka nywele. Ana chumba chenye vioo viwili na viti viwili, kimoja kinazunguka, kingine kiligoma zamani na hakuna aliyekibembeleza. Ndiyo maana hata kwenye bendi jina lake ni Msusi. Ameolewa kwenye familia ya bendi. Sisemi familia inayopenda muziki, hizo ziko nyingi. Hii ni familia ambayo ndiyo bendi yenyewe: baba mkwe anaimba na kuongoza, mume anapiga dramu, mdogo wa mume anapiga gita. Alipoletwa nyumbani walidhani wamepata mtu wa kuitikia viitikio. Kumbe wamejiletea mpiga solo. Alifundishwa na kaka yake kwenye gita lililobaki na nyuzi nne, kwa hiyo siku aliposhika lenye nyuzi sita alijiona kama mtu aliyeongezewa vidole.

Sasa, bendi hii ina sheria. Ina amplifaya moja ya magita, yenye matundu mawili. Tundu la juu ni la solo, na mwenye tundu la juu anasimama mbele. La chini ni la kufuatisha, anasimama pembeni karibu na dramu, na mwanga haumfikii vizuri. Zamani, wakati ndugu za baba mkwe bado wanapiga, walikuwa wanagombania tundu la juu mpaka wanarushiana viatu. Mzee akachoka, akaweka amri: aliyechomeka ndiye mwenye nafasi, aliyechomoa ameachia. Waya uliolala sakafuni hauna mwenyewe. Tangu hapo, kwenye sebule wanayofanyia mazoezi, hakuna gita linalochomolewa. Linalala na waya wake, linaamka na waya wake, mtu anafagia kwa kuzunguka. Siku ya shughuli, vyombo vinafungwa ukumbini asubuhi na mapema na kila mtu anachomeka, hata kama maharusi bado wako kwenye sabuni.

Ukiwaambia ni sheria ya ajabu wanakushangaa wewe.

Ilienda vizuri miaka yote kwa sababu magita yao yalikuwa ya kawaida. Gita la kawaida la umeme halina betri. Chini ya nyuzi kuna pikapu, sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinadaka mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Tatizo lake zinadaka na takataka zote za umeme wa jengo: feni, taa za mirija, jenereta la nyuma. Ukinyamaza kidogo unasikia mzzzz, kama mbu kaingia kwenye spika. Msusi aliuchukia huo mlio kuliko anavyochukia mteja anayesinzia na kuyumbisha kichwa. Ndipo akanunua gita jeusi, kuukuu, kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anaacha muziki. Pikapu zake ni za aina nyingine: ndani yake kuna kidude cha kukuza sauti, na kidude hicho kinaishi kwa betri, ile ya mraba yenye vichwa viwili juu. Akilinyamazisha, linanyamaza kweli. Akiligusa, sauti inatoka safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Shemeji mtu akalipa jina siku hiyohiyo.

"Gita linalokula betri si gita, ni tochi," akasema.

"Afadhali mimi nina tochi, shemeji," Msusi akamjibu. "Wewe unapiga gizani."

Utani wa mashemeji, watu wakacheka. Lakini gita likaanza kuzima. Kwanza kwenye mazoezi: sauti inakwaruza, inafifia, inakufa. Anabadilisha betri, linapona, baada ya muda mfupi linakufa tena. Halafu likazima kwenye shughuli, katikati ya wimbo wa kuingiza maharusi. Asubuhi ile alikuwa ameweka betri mpya, lakini betri za kioski cha kwao ni mpya kwa karatasi tu, zimekaa dirishani zikipigwa jua mpaka zimechoka kabla hazijaanza kazi. Bibi harusi alibaki anatembea kwa dramu, sauti ya mzee na gita la kufuatisha tu, kama anapelekwa jeshini.

Likazima na mara nyingine. Baba mkwe akamwita, akamwambia kwa upole, na upole wa yule mzee ndio wa kuogopa. Alisema hana ugomvi naye. Anajua kupiga, hilo analikubali. Ila watu hawakodi bendi ili waje kusikiliza kimya. Kwa hiyo mkwe aelewe: gita lake likinyamaza tena mbele za watu, solo anashika shemeji yake, yeye anarudi nyuma kuitikia. Na akirudi nyuma ndiyo amerudi.

Mume wake alikuwa amekaa hapo, anafuta sahani za dramu zilizokwisha kung'aa. Mimi nilimuuliza baadaye kwa nini hakumtetea mkewe, akaniambia eti mpiga dramu kazi yake ni kushika mwendo. Sawa.

Msusi akalipeleka gita saluni. Jirani yake ni fundi simu, akamwazima mita ya kupimia umeme na chuma cha moto cha kuungia nyaya kwa risasi. Akalilaza kifudifudi kwenye kile kiti kisichozunguka, akafungua kifuniko cha nyuma, akaanza kutazama nyaya huku mteja akiwa kwenye kiti kingine, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima.

"Dada," mteja akauliza, "hivi unanihudumia mimi au hilo?"

"Wote mna nyaya kichwani. Kaeni kwenye foleni."

Alichokiona humo si siri, mtu yeyote mwenye gita la namna hiyo anaweza kufungua akakiona. Tundu la kuchomekea waya lilikuwa na miguu mitatu. Mmoja wa sauti. Wa pili wa ethi, ambao nyaya nyeusi za pikapu zinarudi kwake. Wa tatu ulikuwa umeshika waya mweusi wa betri peke yake. Plagi ikiingia, mwili wake wa chuma unaegemea mguu wa ethi na ule wa tatu kwa mpigo, mzunguko unakamilika, betri inaanza kufanya kazi. Plagi ikitoka, betri inapumzika. Akapima akiwa amechomeka: umeme unatembea. Akachomoa, akapima: umetulia.

Yaani waya ndio swichi. Na wao kwa sheria yao wamekaa wiki nzima, mwezi mzima, na gita limewashwa sebuleni linaimbia mapazia.

Akaenda kuwaeleza. Alidhani wakielewa yataisha. Wakaelewa, wakafurahi, wakampa ule ushauri. Si uchomoe tu waya? Mume akasema. Mteja wa saluni akasema. Fundi simu, ambaye hata hapigi gita, akasema. Basi akajaribu. Naomba hili lieleweke, kwa sababu wapo watakaosema ni mbishi wa kuzaliwa. Alijaribu. Kwenye shughuli iliyofuata alichomeka asubuhi kama wengine, halafu akachomoa upande wa gita tu, upande wa amplifaya akauacha kwenye tundu la juu, waya akaukunja vizuri juu ya kiti chake. Akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi, waya ule ulikuwa kwenye gita la shemeji, na shemeji amesimama mbele anapima kama mwanga unampiga upande mzuri.

Akamwomba amwachie. Shemeji akamwambia bila hata kumtazama kwamba waya ulikuwa kwenye kiti peke yake, yatima, ameuonea huruma. Akamgeukia baba mkwe. Mzee akasema sheria anaijua. Siku ile alipigia pembeni, karibu na dramu, gizani, na betri nzima.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nimelibeba mpaka nikaona lazima niliandike. Alisema wote wanaomwambia achomoe wanasema kweli kuhusu betri na uongo kuhusu sebule ile. Shemeji akichomoa, nafasi yake inamngoja, hakuna atakayemgusa, ni mtoto wa nyumbani. Yeye akichomoa, ameachia. Kwa hiyo asiambiwe eti ni jambo dogo. Na mimi nasema: ukiona mtu anang'ang'ania kitu kidogo mpaka unamwona hana akili, angalia kwanza wenzake wanapewa nini bila kung'ang'ania.

"Waya hautoki," akawaambia kwenye mazoezi. "Gita ndilo litakalobadilika."

Kazi aliifanya mwenyewe, saluni, kati ya kichwa na kichwa. Alichotaka ni mambo mawili. La kwanza, swichi ya kuzimia betri hata kama plagi imo ndani. La pili, betri mbili badala ya moja.

Kwenye betri mbili mume wake, ambaye kwa mambo ya sauti hakosi maoni, alimwambia azipange kwa foleni, kichwa cha moja kwenye mkia wa nyingine, volti tisa na tisa ziwe kumi na nane. Pikapu zake zinabeba, gita litapata pumzi, hata akilipiga kwa nguvu halitakwaruza. Msusi akakataa. Kwenye foleni mmoja akizimia, wote mmesimama. Akazipanga bega kwa bega: nyekundu mbili pamoja, nyeusi mbili pamoja. Volti zinabaki tisa zilezile, lakini zinasaidiana kubeba. Sharti ni ziwe za aina moja na zote mpya, la sivyo yenye nguvu itaanza kumlisha mgonjwa. Na hakununua kwa yule wa kioski. Alizifuata mbali, akazipima dukani kwa mita ya fundi simu, muuzaji anamtazama kama anayepima homa ya mayai.

Zile nyeusi mbili akazipeleka kwenye mguu wa tatu wa tundu, palepale ulipokuwa ule mmoja wa mwanzo. Nyekundu ndiyo aliyoikata katikati akaweka swichi: upande mmoja betri, upande mwingine pikapu. Ili sauti itoke lazima mambo mawili yawepo, plagi ndani na swichi imewashwa. Humo ndani nafasi ni ndogo kuliko kiganja cha mtoto, nyaya zinabanana, lakini vidole vinavyosuka mistari myembamba kuanzia utosini havisumbuliwi na nafasi ndogo. Alizisuka zile nyaya kabisa, tatu tatu, zikalala. Chumba kikanuka risasi mpaka mteja mmoja akauliza kama ni dawa mpya ya nywele, na kama inakuza.

Tundu la swichi alilitoboa ubavuni mwa gita kwa drili ya seremala wa mtaa. Seremala alimwonya mbao itapasuka. Akamwambia ikipasuka itakuwa yake. Haikupasuka.

Siku yenyewe ilikuwa harusi ya mchana, ukumbi una madirisha marefu, mapambo ya kitambaa cheupe, na feni zinazozunguka kwa hisani tu. Msusi alichomeka asubuhi, tundu la juu. Akazima swichi. Akakaa pembeni ya gita lake, akala hapohapo, mpaka alipokwenda kubadilisha nguo akaliacha limevaa waya wake, kwa sheria, halali. Shemeji akapita, akatazama, akapita tena. Hakuna yatima.

Watu wakajaa. Mshereheshaji akapayuka. Maharusi wakaingia, baba mkwe akashika maikrofoni, dramu zikaita, wimbo ukaanza, na Msusi akapiga noti yake ya kwanza.

Kimya.

Akapiga tena. Kimya. Shemeji pembeni akaanza kutabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekwisha chagua shati la kusimama nalo mbele. Baba mkwe akageuka nusu, akiwa bado anaimba. Na Msusi, mtu aliyekata waya ule kwa mkono wake, aliyetoboa mbao kwa drili ya kuazima, akakumbuka. Hakuwasha. Ukiliwekea gita swichi inabidi mtu aiwashe, na yeye maisha yake yote hajawahi kuwasha gita.

Akaigusa kwa kidole kidogo. Spika zikasema paa, katikati kabisa ya neno ambalo mzee alikuwa amelivuta kwa mapenzi, mtoto mmoja meza ya mbele akaanza kulia. Halafu gita likaingia. Niliusikia ule wimbo kwenye simu ya mgeni aliyerekodi. Kuanzia pale mpaka mwisho amelipiga kama anadai kitu, na halikukwaruza hata sehemu moja.

Wimbo ulipoisha watu wakapiga makofi. Baba mkwe akaziba maikrofoni kwa kiganja, akamsogelea.

"Mkwe. Tulikubaliana."

"Gita halikuzima, Baba. Mimi nilisahau kuwasha."

"Kimya ni kimya. Rudi nyuma."

Wageni wanaona tu watu wawili wanaongea kwa adabu. Shemeji alikuwa ameshainama kuchomoa waya wake wa tundu la chini, ahamie juu. Msusi akaweka mguu juu ya waya wake mwenyewe. Akasema, bila kupandisha sauti:

"Shemeji ameingia kabla ya wakati kwenye kiitikio. Wewe Baba umeruka ubeti wa pili, mzima. Sijasikia mtu ameambiwa arudi nyuma."

Mzee akasema hayo si sawa na hayo. Hakueleza yanatofautiana wapi. Nilimuuliza na mimi, hakunieleza.

"Mkisema gita ndilo baya, nimelitengeneza," akasema Msusi. "Mkisema nimekosea, ni kweli, nimekosea. Nami nikosee kama nyinyi mnavyokosea, nikiwa nimesimama hapahapa."

Wimbo wa pili wa bendi ile unaanzwa na gita peke yake. Ndivyo ulivyotungwa, mzee mwenyewe ndiye mtunzi. Gita linazungumza muda mrefu, halafu dramu, halafu mwimbaji. Msusi hakungoja jibu. Alianza. Na mwimbaji gani anaweza kubishana na utangulizi wa wimbo wake mwenyewe mbele ya watu mia kadhaa? Mzee alibaki amekiacha kiganja juu ya maikrofoni, anamtazama mkwe wake, mkwe anatazama nyuzi. Dramu zikaingia. Ilipofika zamu yake, akaimba. Angefanyaje.

Wakapiga mpaka mwisho wa shughuli. Hakuna aliyehama.

Nimekwenda kwao mara kadhaa baada ya hapo. Mzee alimnunia muda mrefu, ujumbe ukipitia kwa mama mkwe: mwambie huyo apunguze sauti, mwambie huyo mazoezi yamesogezwa. Sasa wanaongea, mambo ya kawaida. Shemeji ndiye aliyenishangaza. Alikwenda saluni kimyakimya akaomba na yeye awekewe swichi. Msusi akamwambia gita lake halina betri, atakuwa anawasha nini? Akasema si kitu, watu waone tu anawasha. Akamwekea. Haijaunganishwa na chochote. Anaibonyeza kabla ya kila wimbo na uso wa rubani.

Sheria ya waya bado ipo, kama mlidhani nitawaambia imefutwa. Gita jeusi linalala limechomekwa sebuleni, swichi imezimwa, betri zake zimepumzika bega kwa bega. Na amri ya mzee nayo haijaondolewa. Mzee hakuwahi kutamka kwamba amesamehe, na Msusi hakuwahi kuomba msamaha. Kwa hesabu za bendi, mpaka leo ninavyoandika, yeye ni mwitikiaji wa nyuma. Kila asubuhi ya shughuli, vyombo vikishateremshwa, baba mkwe anamkumbusha.

"Mkwe, nafasi yako ni nyuma."

"Ndiyo, Baba," anajibu, anachukua waya wake na kwenda kuchomeka tundu la juu.